Mwalimu wa Kwaya na King'ora cha Gari Lake

Mwalimu wa kwaya yetu ndiye mtu pekee katika mtaa wetu wa Makole ambaye hakuwahi kukisikia king'ora cha gari lake mwenyewe. Mimi nilikisikia nikiwa naoga. Muuza mkaa wa kona alikisikia. Mbuzi wa nyumba ya nyuma walikizoea hadi wakaacha kushtuka. Lakini ukimfuata Mwalimu barazani kwake, hatua chache kutoka lilipo gari lenyewe, ukamwambia gari linalia, aliinua uso taratibu kutoka kwenye karatasi zake za nota na kukuuliza, "Lipi?"

Lilikuwa moja tu. Gari dogo la kijivu, alilolinunua kwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa mkoa mwingine, na king'ora lilikuja nacho. Kilikuwa cha aina ile yenye milio mingi inayopokezana: kinaanza na mluzi unaopanda, kinafuata kilio kama cha bata anayekabwa, kisha kitu kinachofanana na gari la wagonjwa, kisha mluzi tena. Watoto wa mtaa waliijua milio yote kwa mpangilio wake na waliiimba wakiruka kamba. Kikishamaliza mzunguko wake, kinanyamaza chenyewe. Hapo ndipo penye balaa, kwa sababu Mwalimu hakuwa mtu wa haraka. Mpaka avue miwani, atafute ndala na kushuka ngazi, gari lilikuwa kimya kama jiwe.

"Mbona limenyamaza?" alikuuliza, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa bure.

Ukuta unaotenganisha nyumba yangu na yake ni wa tofali moja. Kazi yangu ni kutengeneza vipindi vya redio, na sehemu kubwa naifanyia nyumbani, chumba cha mbele, nikiwa nimeziba dirisha kwa blanketi. Blanketi halikusaidia kitu. Niliwahi kupeleka mahojiano na mkulima wa zabibu, mtu mpole aliyekuwa anaeleza namna ya kukata matawi, na mhariri akanipigia kuuliza kama shambani kulitokea ajali. Nilirudia kurekodi maelezo yangu. Gari nalo likarudia.

Nilimjua Mwalimu kwa miaka mingi kabla ya gari hilo, kwa kuwa naimba besi katika kwaya yake. Yeye mwenyewe aliniita Besi. Sidhani kama alilijua jina langu, na wala halikuwa jambo la kujisikia vibaya, maana kila mwimbaji alimwita kwa sauti anayoimba. Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa Teno. Mke wa mchungaji aliitwa Alto. Ukimkuta Mwalimu sokoni ukiwa na mwanao, ukamwambia mtoto amwamkie, aliitikia "marahaba" kisha akamtazama mtoto shingoni, kama anayekadiria atakuwa sauti gani akikua. Akinamama wanaoleta karanga na ubuyu kutoka vijijini aliwasalimu kwa "mbukwenyi" ya Kigogo, wakamjibu kwa kicheko, naye akarudi kwangu na taarifa: "Yule wa katikati ni soprano. Anapoteza muda kwenye karanga."

Kwenye mazoezi hakuwa na mzaha. Mlangoni mwa ukumbi aliweka beseni la plastiki la kijani, na kila aliyeingia aliweka simu yake humo. Aliyesahau akapigiwa, alisimama nje hadi wimbo uishe. Kelele ilimkera kuliko dhambi nyingine zote. Aliwahi kuvuka barabara hadi kwenye baa iliyo mkabala na kanisa, akamwomba mwenye baa apunguze ngoma zile nzito za kwenye spika, na mwenye baa akapunguza kwa heshima. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo, amesimama mbele yetu saa kumi na moja jioni, simu zetu zote zimo kwenye beseni, mkono ameuinua tuanze, na nje ya dirisha gari lake linapiga ukunga wa bata. Sisi tumeduwaa. Yeye anatukazia macho. "Besi," anasema, "mnangoja nini?"

Tulidhani ni jeuri. Katibu wa kwaya, dada mmoja anayefanya kazi ya uandishi wa kumbukumbu za vikao vya bunge na ambaye hasamehe neno lililokaa vibaya, alisema waziwazi kwamba Mwalimu anatufanyia makusudi: yeye anyamazishe kila kitu, halafu cha kwake kilie. Nilikubaliana naye. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kukubaliana na mtu yeyote.

Alikuwa na tabia zake mbili ambazo wakati huo niliziona ni mbwembwe. Ya kwanza ni namna ya kutafuta sauti ya kuanzia. Alikuwa na kile chuma kidogo chenye meno mawili, ambacho ukikigonga kinatoa sauti moja isiyobadilika. Zamani alikigonga gotini na kukipeleka sikioni. Baadaye alianza kukigonga na kuking'ata, mpini ukiwa katikati ya meno ya mbele, macho amefumba, kama mtu anayeonja chumvi. Vijana wa teno walimwiga nyuma ya mgongo wake kwa kutumia vijiko.

Ya pili ni usemi wake kwamba sauti inaonekana. "Nakuona unaimba vibaya," alimwambia mtu. Hakusema nakusikia. Alitembea mbele ya mistari akitutazama midomo, na ni kweli alikamata mengi. Ila kwa miaka ya karibuni makosa yote yalikuwa ya besi. Soprano walisifiwa kila Jumapili. Kuna siku soprano mmoja alipanda hadi mahali ambapo hata mbwa wa mlinzi alisimama, na Mwalimu akasimamisha wimbo, akatugeukia sisi: "Besi, mmelala." Tulirudi nyumbani tukiwa tumevimba kwa hasira.

Mambo yaliharibikia kijijini Gulwe. Tulialikwa kuimba kwenye ufunguzi wa jengo la kanisa, na Mwalimu alikuja na gari lake kwa kuwa lilibeba majoho yetu. Aliliegesha karibu na mlango, chini ya kivuli cha ukuta. Mchungaji mwenyeji aliomba tukae kimya kuwakumbuka waliojenga msingi wakafa kabla ya paa. Watu wote waliinamisha vichwa. Mwalimu alisimama mbele yetu, amefumba macho, anahesabu mapigo ya wimbo unaofuata kwa mkono wa kulia, taratibu, kwenye paja. Gari likaanza. Mluzi, bata, gari la wagonjwa. Wazee wa Gulwe waliinua vichwa mmoja mmoja. Mtoto akaangua kicheko, akafinywa. Mwalimu alipofumbua macho na kutuona nyuso zetu, alidhani tunaogopa wageni, akatutabasamia kututia moyo.

Jumapili iliyofuata kamati ya kwaya ilikaa baada ya ibada na kumwekea sharti. Askofu alikuwa anakuja kwa ajili ya kipaimara. Kabla ya siku hiyo gari liwe limepona, la sivyo Katibu atafute mwalimu mwingine. Mwalimu alisikiliza akiwa amemtazama Katibu mdomoni, akainamisha kichwa kukubali. Mkewe aliponisimulia jioni hiyo, kwenye ukuta wetu mfupi wa nyuma, hakucheka. Alisema mume wake hana shamba, hana ng'ombe, hachezi bao, na haendi kijiweni. "Wakimnyang'anya kwaya," alisema, "atabaki kunifundisha mimi kupika."

Nikajitolea kusaidia. Nilifanya hivyo kwa ajili yake kiasi, na kwa ajili ya blanketi langu zaidi.

Nilipendekeza jambo jepesi: tukate waya wa king'ora, basi. Alinitazama kana kwamba nimependekeza tufukuze soprano wote kwa sababu mmoja anakohoa. Alisema kosa halitafutwi kwenye kwaya nzima, linatafutwa sauti moja moja. Ndivyo alivyotufundisha nyimbo: soprano peke yao, alto peke yao, hadi aliyepotea ajulikane. Na ndivyo alivyotaka gari lake litengenezwe. Kila kifaa kiimbe peke yake.

Fundi umeme wa magari alikuja na mfuko wake, akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Linalia wakati gani, mzee?"

"Majirani wanasema jioni," alijibu Mwalimu.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nililisikia lile neno "wanasema", na nikalipita.

Fundi alianza na boneti. Chini yake kuna swichi ndogo inayopaswa kubonyea boneti ikifungwa. Ikikwama, gari linadhani limefunguliwa. Aliikuta imejaa vumbi letu jekundu, akaisafisha, akaipaka grisi. Mwalimu akamshika mkono: sasa tungoje, tusiguse kingine. Tulingoja. Gari likakaa kimya mchana kutwa, na jioni Mwalimu alipokaa barazani na nota zake, likalia.

Fundi akaja tena, akahamia kwenye betri. Vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe, na akaeleza kwamba umeme ukiyumba king'ora kinachanganyikiwa. Akasugua, akakaza. Tukangoja. Likalia kwenye mazoezi, katikati ya wimbo wa toba.

Swichi za milango, mlango mmoja mmoja. Likalia.

Kisha kile kifaa kinachohisi mtikisiko. Fundi alisema kimewekwa kikali mno, na kwa upepo wa Dodoma wa miezi ya kiangazi, gari likisukumwa kidogo tu linapiga kelele. Akakilegeza hadi mwisho. Ili kujaribu, alilipiga teke tairi. Kimya. Nikalipiga teke mimi, kwa moyo wote, kwa niaba ya mkulima wa zabibu. Kimya. Mwalimu alifurahi, akamwambia fundi ana sikio zuri, akaenda kukaa barazani. Kabla fundi hajafika kona, gari likalia, na fundi akarudi mbio akiwa ameshika kichwa.

"Mzee, hili gari lina mtu ndani," alisema.

"Lipi?" Mwalimu aliuliza.

Nikiri kwamba jibu sikulipata kwa kulitazama gari wala mwenye gari. Lilikuja kwa kazi yangu ya kawaida. Nilikuwa nimerekodi mazoezi yetu ili Katibu achague nyimbo za kipaimara, na nilikuwa nimeketi na spika za masikioni nikikata sehemu zilizoharibiwa na king'ora. Ukikata sauti unaitazama kwa karibu, unaisogeza mbele na nyuma. Nikaona kwamba kabla ya kila king'ora kuna kishindo kidogo: paa. Kiganja kinapiga kitambaa. Nikarudi nyuma zaidi. Mwalimu alikuwa akianza wimbo kwa kuhesabu mapigo kwenye paja la kulia, paa, paa, na pale anapotaka tuingie kwa nguvu alipiga kwa nguvu. Pigo hilo la nguvu ndilo lililofuatwa na mluzi. Nikatafuta mahali pengine kwenye rekodi. Vilevile.

Kwenye mfuko wa kulia wa suruali, Mwalimu alibeba rimoti ya gari. Na rimoti ile ina kitufe cha kuitia msaada: ukikibonyeza, gari linapiga kelele hata kama hakuna aliyeligusa. Gari halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa linaongozwa, kama sisi. Gulwe, ukumbini, barazani akisoma nota jioni: kila mahali alipohesabu mapigo, gari liliingia kwa wakati, pengine kwa usahihi kuliko besi.

Nilicheka peke yangu hadi nikavua spika. Kisha nikaacha kucheka. Mtu anapiga paja, gari linalia hatua chache nyuma yake, tena na tena, kwa muda wote ule, na haunganishi? Nikaona kile chuma katikati ya meno, sauti ikipita kwenye mfupa badala ya sikio. Nikamwona anamtazama Katibu mdomoni. Nikakumbuka kwamba ngoma nzito za baa zilimkera, na soprano hawakuwahi kukosea.

Nilimpigia Katibu kumweleza habari ya rimoti.

"Kwa hiyo, kaka," alisema, "hasikii."

"Mimi nimesema rimoti."

"Umesema rimoti. Mimi nimesikia la pili."

Ndipo nilipojua nimejifunga mwenyewe. Gari likipona kwa maelezo hayo, Mwalimu anatimiza sharti la kamati. Na kwa maelezo hayohayo anaipoteza kwaya, maana hakuna kamati itakayoacha kwaya mikononi mwa mtu asiyesikia nusu yake ya juu. Nilimwomba Katibu asiseme kitu hadi kipaimara kipite. Alikubali, lakini kwa namna yake: hatasema uongo akiulizwa.

Kwa Mwalimu mwenyewe sikuthubutu kwenda. Nilikwenda kwa mkewe, kwenye ukuta wa nyuma, nikamweleza habari ya mfuko na paja, nikizunguka maneno kama paka anayezunguka chungu cha moto. Alinisikiliza akichambua mchele.

"La masikio nalijua tangu zamani," alisema. "La suruali ndilo jipya."

Kuanzia siku hiyo rimoti ilisafiri kwenye pochi ya mkewe. Gari likanyamaza. Mtaa ulikuwa kimya kiasi kwamba mwanzoni nililala vibaya. Askofu alikuja, tukaimba, na nakiri tuliimba vizuri. Soprano walipanda na kutua salama, sisi besi tulikuwa macho. Mwalimu aliongoza akipiga paja lake tupu, na hakuna kilichoitika nje. Baada ya ibada askofu alimshika mkono na kumwambia maneno marefu. Mwalimu alimtazama mdomoni, akatabasamu, akajibu, "Amina."

Lakini Katibu ni Katibu. Kwenye kikao kilichofuata aliulizwa gari lilipona vipi, naye akaeleza lote. Kamati ikaamua kwa upole, upole ule wa watu ambao wameshaamua: Mwalimu aende hospitali akapimwe masikio kabla ya kuanza nyimbo za Krismasi. Alipopelekewa ujumbe alisema atakwenda besi wakitulia. Wiki zikapita. Besi tukatulia kupita kiasi, hatukukohoa hata kidogo, na hakwenda. Mimi ndiye niliyetumwa kumuuliza.

Nilimkuta barazani juzi alasiri, upepo ukisukuma vumbi kwenye ngazi. Alikuwa amekaa kuelekea dirisha la sebule, gari likiwa nyuma yake uani. Mezani kulikuwa na zabibu kwenye sahani, nota zake, na rimoti. Rimoti ilikuwa imefunguliwa kifuniko, haina betri. Kumbe mkewe alikuwa amemweleza habari ya mfuko, na alitaka nione kwamba jambo hilo amelimaliza mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Besi. Kaa. Umetumwa."

Nilikaa. Nilizungumzia zabibu, nikazungumzia upepo, nikakaribia hospitali, nikarudi kwenye zabibu. Aliniacha nihangaike. Hatimaye nikasema kamati inakaa Jumapili, na wanataka kujua kama amekwenda.

Hakuwa amenijibu bado gari lilipoanza kulia.

Rimoti ilikuwa mbele yetu, tumbo wazi. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza. Hakugeuka. Alichukua zabibu moja, akaishika bila kuila, kichwa amekiinamisha upande.

"Kimeshuka nusu sauti," alisema. "Betri ya gari inakwisha."

"Mwalimu, umekisikia?"

"Wewe hujakisikia?" alisema. "Basi nenda wewe ukapimwe."

Sikubaki kula zabibu. Nilirudi nyumbani nikautafuta ule mlio wa zamani kwenye rekodi zangu, nikauweka pamoja na huu wa juzi, ambao simu yangu iliunasa kwa mazoea tu. Ni kweli. Umeshuka, hatua ndogo kuliko zote za kwenye muziki, ambayo waimbaji wengi wa kwaya yetu wasingeitambua. Lakini nimekumbuka pia kwamba gari likilia taa zake za pembeni huwaka na kuzima, na juzi ziliwaka kwa unyonge, na Mwalimu alikuwa ametazama kioo cha dirisha ambamo uwanja wote unaonekana. Mtu anayejua kwamba sauti inaonekana angeweza kuyasoma hayo yote kwenye kioo. Tena usoni kwangu.

Na kilicholiza gari safari hii sikijui. Fundi amesema hataki kulisikia tena gari hilo maishani mwake.

Katibu amenipigia leo jioni. Anaandaa taarifa ya kikao na anataka neno moja tu, hasikii au anasikia, aliweke mahali pake. Nilipokuwa natafuta la kumjibu, gari lililia. Nikaondoa blanketi dirishani nikachungulia ng'ambo ya ukuta. Mwalimu alikuwa amekaa kiti kilekile, nota magotini, mkono wa kulia ukipiga paja taratibu. Nilihesabu naye. Alikuwa anakwenda sawasawa na mapigo ya king'ora, pigo kwa pigo. Au king'ora kilikuwa kinakwenda sawasawa na yeye.

"Kaka," Katibu aliuliza kwenye simu, "niandike nini?"